Msiba wa Bibi wa Vibuyu

Kundi letu lilianza kwa malalamiko. Tulikuwa watu wa Morogoro tusiofahamiana, wasomaji wa simulizi za kwenye simu, zile za majini, za watu wanaorudi kutoka kuzimu, za miji ya miaka mia ijayo, na sote tulikuwa tumeachwa njiani. Msomaji wa simulizi za mtandaoni anayajua maumivu haya. Mwandishi anaweka sehemu ya kwanza, ya pili, ya tano. Binti amefungiwa pangoni, jini linakaribia, halafu mwandishi anapotea. Wasomaji wanaandika chini yake "weka nyingine", kesho yake tena "weka nyingine", mpaka maombi yanakuwa marefu kuliko hadithi yenyewe. Binti anabaki pangoni. Mimi nina watu kadhaa waliobaki pangoni namna hiyo, na mpaka leo huwa nawakumbuka nikiwa kwenye foleni ya benki.

Siku moja mdau wa Kihonda, fundi simu ambaye baadaye alitutengenezea tovuti, aliandika kundini: "Jamani, tuanzishe jarida letu wenyewe. La hadithi zinazoisha."

Hakuna aliyemtania, na hilo lilikuwa jambo geni kundini. Wiki hiyohiyo tulikutana kwenye banda lake la ufundi, tukakaa juu ya makreti ya soda, tukakubaliana. Jarida litakuwa la mtandaoni na la bure. Litachukua hadithi za kutisha, za ajabu na za nyakati zijazo tu. Mapenzi yataruhusiwa iwapo angalau mmoja wa wapenzi si binadamu. Kisha fundi akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika ukutani, juu ya rafu ya betri zilizovimba: HADITHI ISIYO NA MWISHO HAIINGII. Uhariri nilipewa mimi kwa kuwa nilishafanya kazi ya kukusanya habari za redio, na kwa kuwa, kama alivyosema fundi, "Wewe ndiye pekee unayekuja kikaoni na kalamu inayoandika."

Hadithi ya toleo la kwanza haikujadiliwa. Ilikuwapo tayari, na ndiyo iliyokuwa imetukusanya. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, dada aliyepanga nyumba ndogo Kilakala, na alikuwa akiiweka kundini kila Alhamisi jioni baada ya kusahihisha madaftari. Iliitwa "Bibi wa Vibuyu". Ni Morogoro ya siku zijazo, mito imekauka, Uluguru imebaki mawe matupu. Huko juu anaishi bibi mmoja ambaye ujanani mwake, ukungu ulipokuwa bado unashuka kila asubuhi, aliukinga ndani ya vibuyu na kuviziba kwa nta. Watu wa mjini wanapanda kumbembeleza, wengine wanapanda kumwibia. Kila sura kinafunguliwa kibuyu kimoja, na ukungu ukitoka unatoka pamoja na siku yake: harufu ya udongo wa siku hiyo, na sauti za watu waliokuwa wakipalilia njegere siku hiyo.

Nilipokuwa naipitia kwa ajili ya jarida, niliona mambo ya huyo bibi ambayo hayakuonekana ya kubuni. Alifunga mlango kwa ufagio. Alimjibu mgeni "marahaba" kabla mgeni hajatokea kwenye kona, kwa kusikia nyayo tu. Alikataa kula iwapo mtu yeyote ndani ya nyumba alikuwa amesimama. Nikamuuliza mwandishi, kwa mazoea yangu ya redio, "Huyu ni nani?"

Tulikuwa tumekaa barazani kwake. Aliendelea kuchambua mchele, akachagua mawe mawili matatu, ndipo akanijibu.

"Bibi yangu, mzaa mama."

Bibi huyo alifariki wakati wa masika, huko kwao Mgeta, juu milimani, na mjukuu wakati huo alikuwa amepangiwa kufundisha wilaya ya mbali. Mvua ilikata barabara. Alipofika nyumbani tanga lilikuwa limeshaanuliwa, masufuria ya kuazima yamesharudishwa kwa wenyewe. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, na mjukuu wa kike wa upande huo akikosekana kwenye kaburi la bibi yake, pengo lake linaonekana na kila mtu.

"Mama hakunigombeza," alisema. "Afadhali angenigombeza. Tangu siku ile tunasalimiana. Hujambo, sijambo, shule inaendeleaje. Basi."

"Anajua unaandika?"

"Hajui. Na akijua nimemtia bibi kwenye simu za watu, hata hizo salamu zitakwisha."

Nililiweka hilo moyoni, nikarudi kwenye kazi yangu ya koma na nukta.

Sura ya mwisho ilinifikia wiki ya uzinduzi. Bibi wa Vibuyu anakaa juu ya jiwe lake, anafungua kibuyu cha mwisho, ukungu unatoka, unamfunika, na anakufa. Hapo hadithi ikaisha. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na chai yangu ikapoa. Tulikubaliana wasomaji wapewe dokezo la kifo chake siku ya Alhamisi, kisha Jumamosi asubuhi tukutane nyumbani kwa mwandishi, tule pamoja, na mbele ya wote fundi alifungue jarida.

Wadau walilipokea dokezo kama watu wa Morogoro wanavyopokea kila kitu, yaani kwa kupitiliza. Mmoja akabadilisha picha yake ya wasifu, akaweka mshumaa unaowaka kwenye giza, kama tunavyofanya mtu anapofariki. Baada ya muda mfupi kundi zima lilikuwa mishumaa mitupu. Mwingine akapendekeza Jumamosi tuvae nyeusi. Mwingine akasema ataleta turubai na viti vya kwao. Fundi naye akatengeneza tangazo: fremu nyeusi, mshumaa, na neno TUMEMPOTEZA kwa herufi kubwa. Picha ya Bibi wa Vibuyu haikuwepo, maana hakuwahi kuzaliwa, kwa hiyo akaweka ya mwandishi, ile nzuri ya siku ya mahafali. Chini akaandika: Jumamosi, saa nne asubuhi, Kilakala. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la hadithi na la jarida.

Tulilipenda sana. Tulilituma kwa kila mtu tuliyemjua.

Mwandishi hakuliona. Alikuwa ameniaga mapema: "Nazima simu mpaka Jumamosi. Sitaki kuona mnavyomlilia."

Yaliyofuata niliyaunganisha baadaye, kwa kumuuliza kila mmoja kwa wakati wake. Tangazo lilitoka kundi moja kwenda jingine. Njiani kuna mtu alilipiga picha kwenye kioo cha simu yake na kukata yale maandishi madogo ya chini. Ijumaa likafika kwenye kundi la kwaya ya kigango kimoja cha huko Mgeta. Mwanakwaya mmoja alikuwa jirani wa mama yake mwandishi. Akaitazama sura ile, akavua kilemba, akavuka shamba la kabichi na simu mkononi.

Mama aliomba apigiwe namba ya mwanawe. Haikupatikana. Ikapigwa tena, haikupatikana. Kwa watu wa huko juu hilo lilitosha kuthibitisha.

Jumamosi saa tatu na nusu nilikuwa Kilakala, na nilifurahi kuona mambo yalivyopangika. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye mwembe wa uani, viti vya plastiki kwa mistari, mikeka kwa ajili ya akina mama, wadau wamevaa nyeusi na kuongea kwa sauti ya chini kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunaonana ana kwa ana mara ya kwanza na tuliona aibu. Nyuma ya nyumba sufuria la pilau lilikuwa jikoni. Mwandishi alikuwa huko akikata vitunguu. Simu yake bado ilikuwa imezimwa.

Gari la mboga likasimama barabarani. Nilidhani limekosea njia ya sokoni. Nyuma, katikati ya magunia ya karoti, walikuwa wamekaa wanawake wenye khanga vichwani, na walipokuwa wanashuka nikaona wanashusha na vitu: unga, njegere, mkungu wa ndizi, mzigo wa kuni. Wakalitazama turubai. Wakatutazama sisi na nguo zetu nyeusi. Mmoja wao, mwembamba, akiwa katikati ameshikwa mikono huku na huku, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwenye sherehe yoyote.

Wadau wawili watatu walidhani ni sehemu ya mpango, wakaanza kupiga makofi. Fundi akawazuia kwa mkono. Nadhani alikuwa wa kwanza kuelewa.

Mwandishi akatokea nyuma ya nyumba mbio, kisu mkononi, machozi ya vitunguu yakimtiririka.

"Mama? Mama, nani amefariki?"

Yule mwembamba, mama yake, akamwendea, akamshika uso kwa mikono miwili. Akamshika masikio. Akamshika mabega, kama mtu anayepapasa mzigo kuangalia kama umefika salama. Halafu akavua khanga ya kichwani na kuanza kumchapa nayo, begani, mgongoni, begani, bila kusema neno, na mwanawe akasimama tu akapokea.

Alipochoka alikaa chini, palepale kwenye vumbi.

Dada yake huyo mama, yaani mama mkubwa wa mwandishi, mwanamke mnene mwenye sauti, akatugeukia. "Nyie ni watu gani? Mnaweka turubai, mnavaa nyeusi, maiti hamna! Mnacheza na nini?"

Fundi alijaribu kueleza. Alieleza tovuti, alieleza hadithi, alieleza mshumaa. Kila alichoeleza kilizidi kutuharibia.

Mama akainua uso. Alizungumza na mwanawe, lakini sote tulisikia.

"Tangu jana nimeubeba msiba wako. Nimeshuka nao toka kule juu, kila kona ya ile barabara. Sasa nitautua wapi?"



Hapo ndipo fundi alipofanya jambo ambalo mimi na elimu yangu yote ya habari nisingelifikiria. Fundi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru tangu enzi za mababu waliokuwa wakipita hapa na misafara. Mtani ana ruhusa msibani ambayo hata ndugu hana. Akavua viatu, akauendea mkeka wa akina mama, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Utueni hapa, mama," alisema. "Maiti ni mimi. Nililieni vizuri, nimetoka mbali."

Mdau mmoja karibu yangu alinong'ona, "Leo huyu anapigwa."

Mama mkubwa mnene akamsogelea taratibu, akamtazama kuanzia vidole vya miguu. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama. Marehemu Mnyamwezi."

"Ndiyo maana. Mnyamwezi akifa maungo hayanyooki, yamezoea mizigo." Akageuka kwa wenzake. "Tunamzika wapi huyu? Milima yetu imejaa, kila kipande kina kabichi."

"Tumzike wima," mwingine akadakia. "Hatachukua nafasi."

"Wima nakubali," maiti akasema bila kufumbua macho, "ila msianze kabla pilau halijaiva."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mwenyewe. Kicheko kilimtoka vibaya, kikachanganyika na kilio, akaziba mdomo kwa khanga. Mwanawe akapiga magoti pale chini karibu naye. Akina mama waliosalia wakampiga fundi kwa vijiti vya kuni, wakamwagia maji kidogo, wakamvua soksi moja wakasema ni ada ya wachimba kaburi. Wadau tukapata nguvu ya kukaa. Nilimwamkia mama, "Shikamoo," na aliponiitikia "marahaba" nilitamani kumshukuru.

Baadaye, chakula cha huko juu kilipokuwa kimeunganishwa na chetu, kwa kuwa mama mkubwa alisema kilichobebwa kwa ajili ya msiba hakirudi nyumbani, mama aliuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa kwa niaba ya mwandishi.

"Basi nani aliyekufa? Maana mishumaa mmewasha."

Mwandishi alitazama mikono yake. "Ni bibi, mama."

"Bibi yupi?"

"Bibi yetu. Nimemwandika. Kwenye hadithi."

Mwandishi akaniomba kwa macho, nikachukua simu na kusoma sura ya mwisho kwa sauti, chini ya turubai. Nimesoma taarifa nyingi hewani, ila sijawahi kusoma mbele ya msikilizaji kama yule. Hakutikisika. Nilipofika kwenye mlango unaofungwa kwa ufagio, alinikatiza.

"Alikuwa hafungi. Alikuwa anauegesha tu, kuku wasiingie."

Nikaendelea. Nilipofika pale ukungu unapomfunika, nikanyamaza, kwa kuwa ndio ulikuwa mwisho.

"Endelea," mama akasema.

"Imeisha, mama."

"Imeishaje? Mmemwacha jiweni! Nani alimwosha?"

"Ukungu ulimfunika," mwanawe akasema polepole.

"Ukungu si sanda." Alisema bila ukali, kama anamsahihisha mtoto mezani. "Mtu hafi namna hiyo akaachwa. Aliyemchimbia ni nani? Njia walipita ipi?"

"Sijui, mama. Sikuwepo."

Nilimwona mama mkubwa akiacha kuchambua njegere. Mama alinyoosha mguu mmoja, akaulaza vizuri kwenye mkeka, akaanza kusimulia, kwanza kwa Kiswahili kwa ajili yetu, kisha kwa Kiluguru alipotusahau. Mvua ilikuwa haikatiki. Padri hakuweza kufika, katekista ndiye aliyeongoza sala. Wanaume walivua viatu wakawa wanashika njia kwa vidole vya miguu, jeneza likawa linapokewa mkono kwa mkono kwenye ule mteremko. Kaburi lilichimbwa kukingama mlima, asije akateleza. Waliliwekea majani ya migomba lisijae maji, na watoto wakawa wanayashikilia pembeni.

"Nilikuwa natazama barabara," alisema. "Uliniambia imekatika. Sikukuamini. Nikasema atatokea tu, atakuja na matope yake. Tukafika kwenye kutupa udongo. Kila mtu anatupa wake. Nikatupa wangu. Nikatazama tena barabarani. Wakasema tufunike, mvua inazidi." Alifungua kiganja, akakitazama. "Nikachota tena, nikatupa wako."

Mwandishi akaweka kichwa kwenye paja la mama yake. Sisi wengine tukagundua ghafla kwamba viti vinahitaji kupangwa upya.

Jarida halikufunguliwa siku hiyo. Fundi, akiwa na soksi moja, ndiye aliyewaandikia wadau ambao hawakufika kuwa toleo limesogezwa mbele. Kundi likawaka. "Mhariri na wewe umeanza!" "Tumerudi kulekule pangoni!" "Wekeni nyingine!" Aliwajibu kwa picha ya ukuta wake wa Kihonda, yale maandishi ya wino mzito juu ya betri. Hakuongeza neno. Kabla akina mama hawajapanda gari, mama alimwita.

"Wewe maiti, amka ufanye kazi. Mtoe mwanangu kwenye huo mshumaa."

Akasimama nyuma yake mpaka alipoifuta ile picha, kisha akamwamuru kila mdau aliyekuwepo afute ya kwake, akikagua simu baada ya simu kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Wenzake waliondoka na gari. Yeye alibaki. Alikaa Kilakala mpaka katikati ya wiki, na nilipopita jioni moja niliwakuta barazani, mmoja anaandika, mwingine anachambua mchele na kukatiza.

"Hapo panateleza, umewapitisha haraka mno. Warudishe."

"Mama, ni hadithi."

"Hata kama. Wataanguka."

Sura mpya ya mwisho ilitoka na toleo la kwanza Jumamosi iliyofuata. Watu wa mjini, wale waliombembeleza bibi na wale waliomwibia, wanapanda pamoja kumtoa jiweni. Wanamwosha kwa ukungu wa kibuyu cha mwisho. Kaburi linachimbwa kukingama mlima. Mmoja baada ya mwingine wanatupa udongo, na mwanamke mmoja, asiyetajwa kwingine kokote kwenye hadithi, anatupa mara mbili.

Jarida linaendelea, na matoleo yake mengine yana wasomaji wengi kuliko lile. Lakini maoni ya lile la kwanza ndiyo ninayorudi kuyasoma. Kundini msomaji mmoja aliuliza: "Yule mama aliyetupa udongo mara mbili ni nani? Mwandishi amesahau kutuambia, au ni jini?" Wadau wakabishana siku nzima. Wengi waliamini ni jini. Mwandishi hakujibu, na mimi niliyejua nilijizuia.

Jioni ukaingia ujumbe wa sauti kutoka namba ya Mgeta, ya yule jirani mwanakwaya ambaye siku hizi ni mdau wetu. Ulianza na jogoo, kisha upepo, kisha sauti nyembamba iliyokuwa imesogea karibu mno na simu.

"Si jini. Alikuwa na mtoto mbali."

Halafu nyuma yake alisikika mwenye simu akiiomba simu yake.